Taragoni Uganda: kuipanda isioze, kuipika isipotee

Taragoni ni kiungo cha majani mabichi yenye harufu. Ukikuta pakiti ya mbegu imeandikwa taragoni ya Kifaransa, iache dukani. Taragoni ya Kifaransa haizai mbegu za kuota. Maua yake ni nadra, na hata yakitokea ni tasa. Huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kugawa mizizi, basi. Kilichomo kwenye pakiti hiyo karibu kila mara ni taragoni ya Kirusi. Kwa jina la kitaalamu zote mbili ni Artemisia dracunculus, lakini jikoni hazikutani. Ya Kirusi huota haraka, huenda juu kupita mita moja, haijali udongo mbaya, na majani yake yana ladha ya nyasi yenye uchungu kidogo. Wengi wanaosema walionja taragoni na hawakuona cha ajabu walionja hiyo.

Ipo ya tatu, na kwa sehemu kubwa ya Uganda ndiyo ya kufikiria kwanza: taragoni ya Meksiko, Tagetes lucida. Hii ni ya kundi la tageti, yale maua ya manjano na rangi ya chungwa ambayo watu hupanda kando ya nyanya. Inapenda joto, huota kwa mbegu, na ladha yake iko karibu sana na ile ya Kifaransa, ila ni tamu zaidi na nzito kidogo.

Kuzitofautisha, tumia mdomo kabla ya macho. Tafuna jani moja bichi la Kifaransa: utamu unaofanana na anisi hutangulia, kisha ncha ya ulimi inakufa ganzi kidogo kwa sekunde chache. Ya Kirusi haitii ganzi hiyo. Kwa macho, jani la Kifaransa ni jembamba, laini, linang'aa na kingo zake hazina meno. La Kirusi limepauka na lina ukavu fulani. La Meksiko lina meno madogo kando yote, na mmea hutoa maua madogo ya manjano ambayo nayo huliwa.

Ipi kwa wapi

Taragoni ya Kifaransa ni mmea wa nchi za baridi. Kwao hufa juu wakati wa baridi, mizizi inalala chini ya udongo, kisha inachipua upya siku zinaporefuka. Uganda hakuna baridi ya kuilaza, na siku ni ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Mmea haufi kwa sababu hiyo peke yake, lakini unachoka: vijiti vinakuwa vyembamba, majani yanapungua, harufu inafifia. Kwa hiyo usiihesabu kama mti wa kudumu. Ihesabu kama kitu cha kuzalisha upya kila mwaka kutoka kwenye vipandikizi vyake wenyewe.

Kabale, Kisoro, Kapchorwa na miinuko ya Fort Portal inafaa kwa ya Kifaransa hata ardhini, mradi pawe na mteremko wa kuondoa maji. Kisoro ina faida ya ziada, kwa kuwa udongo wake wa volkeno haushiki maji kama udongo mwekundu wa Buganda. Kampala, Entebbe, Jinja na Mbale, iweke kwenye chombo chini ya ukingo wa paa. Gulu, Lira, Soroti, Arua na Kasese, usijisumbue: panda ya Meksiko.

Mche wa Kifaransa hupatikana kwa mtu aliye nao: bustani ya viungo ya hoteli, kitalu kinachouza rozmeri na taimu, au jirani. Hata fungu bichi la dukani linaweza kukupa mche, kama vijiti bado ni vibichi na havijalainika chini. Tafuna jani kwanza.

Udongo na chombo

Kinachoua taragoni hapa kwetu ni maji kwenye mizizi kuliko jua. Mvua za Machi hadi Mei, kisha zile za Septemba hadi Novemba, hukuta mmea uliopandwa kwenye udongo wa mfinyanzi, na wiki chache baadaye mizizi imeoza. Ndiyo maana chombo kinashinda kitanda cha bustani karibu kila mahali chini ya milima.

Jerikani ya lita 20 iliyokatwa juu inatosha mmea mmoja. Toboa matundu manane hadi kumi chini, ya upana wa kidole, na mengine manne pembeni, sentimita mbili kutoka chini. Hayo ya pembeni yanasaidia pale jerikani inapokaa juu ya sakafu ya saruji na matundu ya chini yanazibwa. Hata hivyo, iinue kwa matofali mawili. Jaza mchanganyiko huu: sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja na nusu ya mchanga wa ujenzi wenye chembe kubwa. Chenga za mkaa zilizobaki chini ya gunia zinaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mchanga huo, na zinafanya kazi nzuri. Udongo mwekundu huwa na tindikali, nayo taragoni haiipendi, kwa hiyo ongeza kiganja kimoja cha jivu la kuni kwa kila jerikani na uchanganye vizuri. Usizidishe. Jivu jingi linafunga virutubisho na majani yanakuwa ya njano.

Pima kabla ya kupanda: mwaga lita moja ya maji juu ya udongo ulioujaza. Yakisimama juu zaidi ya nusu dakika, ongeza mchanga.

Samadi mbichi, urea na mbolea za kukuza majani zinakupa mmea mrefu wenye majani makubwa yasiyo na harufu. Taragoni inayokua polepole kwenye udongo wa wastani ndiyo yenye mafuta.

Kuzalisha

Vipandikizi ndiyo njia ya kawaida. Asubuhi, kabla jua halijakaza, kata ncha za vijiti visivyo na maua, urefu wa sentimita 10 hadi 12, chini kidogo ya fundo la jani. Ondoa majani ya theluthi mbili za chini. Chomeka kwenye kikopo chenye mchanga nusu na mboji nusu, mafundo mawili yakiwa ndani ya udongo, bonyeza, nyunyiza, kisha funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako na kuondolewa kifuniko. Weka kivulini penye mwanga. Kila siku tazama ndani: matone mazito kwenye ukuta wa chupa maana yake maji yamezidi, iondoe kwa saa chache. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hadi nne. Ukikivuta kijiti taratibu na kikakataa kutoka, kimeshika. Panda vipandikizi sita ukitaka miche mitatu, maana vingine vitaoza tu.

Kugawa mizizi ni kwa mmea wenye miaka miwili au zaidi. Ung'oe mwanzoni mwa mvua, kung'uta udongo, na utenganishe mizizi kwa vidole badala ya kisu, kwa sababu imesokotana na kisu kinakata mingi isiyostahili. Kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 8 au zaidi na chipukizi angalau moja. Kilaze kina cha sentimita 5. Ardhini acha sentimita 50 kati ya mmea na mmea.

Ya Meksiko ni rahisi zaidi. Tawanya mbegu juu ya udongo laini, zifunike kwa udongo mwembamba sana, weka unyevu, na zitaota ndani ya wiki mbili hivi. Hamisha miche ikifika sentimita 8, iweke sentimita 40 mbali. Tawi lililolala chini nalo huota mizizi lenyewe.

Matunzo

Jua la saa sita kwa siku linatosha. Sehemu za joto kali, tafuta mahali penye kivuli cha alasiri. Maji: zamisha kidole hadi fundo la pili. Pakiwa na unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie hadi pakauke tena. Mwagia udongo, usilowanishe majani. Matandazo ya maganda ya kahawa, ambayo ni mazuri kwa migomba, hapa yaweke mbali na shina kwa upana wa kiganja, au tumia kokoto ndogo badala yake.

Anza kuvuna mmea ukifika sentimita 25. Kata juu ya fundo, usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, na rudi baada ya wiki tatu. Mmea usiokatwa unalala chini na kuwa mgumu kama waya. Kwa hiyo hata kama huna cha kupika, kata.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho cha kuupumzisha. Kata vijiti vyote vibaki sentimita 5, punguza maji hadi udongo uwe karibu mkavu kwa wiki nne hivi, kisha mwagilia tena mvua zinapokaribia. Hili halilingani na baridi ya Ulaya, lakini chipukizi zinazokuja baadaye huwa nene kuliko zile za mmea uliokamuliwa mwaka mzima. Kabla ya kukata, chukua vipandikizi vyako vya mwaka unaofuata.

Inapougua

Majani ya chini yanapogeuka njano na vijiti vinalegea huku udongo una unyevu, mizizi inaoza. Hapa ndipo wengi humaliza mmea: wanaona umenyauka, wanaongeza maji. Utoe kwenye chombo unuse mizizi. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu na inakatika kwa mlio, mizizi iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Ikiwa zaidi ya nusu imeoza, kata ncha za vijiti ambazo bado ni nzima uzifanye vipandikizi, na shina ulitupe pamoja na udongo wake.

Vidonda vya rangi ya kutu chini ya majani ni ugonjwa wa kutu. Kata vijiti vilivyoathirika, vichome, na usivitupe kwenye mboji. Vyombo vitenganishwe hewa ipite. Uvimbe mdogo kama shanga kwenye mizizi ni kazi ya minyoo fundo. Usipande taragoni mahali palipotoka nyanya, biringanya au nakati (mboga ya majani), kwa sababu mazao hayo huilea minyoo hiyo. Zaidi ya hapo, wadudu huipita mbali.

Jikoni

Harufu ya taragoni ni mafuta mepesi, hasa estragoli, yanayopatikana pia kwenye mrehani. Mafuta hayo huondoka na mvuke. Ukiitia mwanzoni mwa mchuzi wa saa mbili, mwishoni una majani meusi na kumbukumbu ya uchungu. Vijiti vinaweza kuingia mapema, kisha vikatolewa. Majani yaingie dakika mbili au tatu kabla ya kuepua.

Shika kijiti kwenye ncha, pitisha vidole viwili kuelekea chini, na majani yatatoka yote. Katakata kwa kisu kikali mara moja tu, kwa sababu kisu butu kinayaponda na mafuta yanabaki kwenye ubao. Kwa watu wanne, kijiko kikubwa kimoja cha majani yaliyokatwa kinatosha. Ukiwa na ya Meksiko, anza na robo tatu ya kiasi hicho. Iliyokaushwa, theluthi moja, ingawa taragoni kavu ni kivuli tu cha ile mbichi na haistahili bei yake.

Inapatana na siagi, mayai, krimu, limau, siki, haradali, uyoga, karoti na viazi. Haipatani na bizari, tangawizi, giligilani wala rozmeri: moja kati yao itaimeza. Na eshabwe, ule mchuzi wa samli wa Ankole, iacheni ilivyo.

Mahali rahisi pa kuanzia ni rolex. Kwa mayai mawili, tia kijiko kidogo kimoja cha majani, kitunguu kidogo na chumvi, piga, kaanga, viringisha ndani ya chapati. Punguza nyanya, maana maji yake yanafanya yai lichemke badala ya kukaangika. Kabichi usiitie kabisa.

Sato mzima wa gramu 500 anafaa kupikwa kwenye jani la mgomba. Pitisha jani juu ya moto hadi lilainike na kung'aa, punguza mshipa wa katikati, mweke samaki aliyechanjwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, siagi gramu 20, vipande vitatu vya limau na vijiti viwili vya taragoni tumboni. Funga na umpike kwa mvuke dakika 25. Fungua, toa vijiti, nyunyiza majani mabichi mezani. Njia hiyo hiyo kwa luwombo (mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba) ya kuku na karanga haifai, kwa sababu saa zake za mvuke ni nyingi na karanga ina sauti kubwa.

Kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu anahitaji subira. Mkate vipande vinane, mkaange hadi apate rangi, ongeza vitunguu viwili, punje tatu za kitunguu saumu, nusu lita ya maji na vijiti vitatu vya taragoni. Funika, moto mdogo, saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Broila anahitaji dakika 35 tu. Toa vijiti, tia krimu mililita 150 na kijiko kidogo cha haradali, acha wazi dakika tano mchuzi ushike. Epua, kamulia nusu limau, tia kijiko kikubwa na nusu cha majani. Huna krimu? Tumia maziwa yaliyokorogwa na kijiko kikubwa cha unga wa ngano, na limau uliache, la sivyo maziwa yatakatika.

Sosi ya béarnaise juu ya sigiri

Hii ndiyo sosi iliyoipa taragoni jina Ufaransa, na inaendana na muchomo wa ng'ombe vizuri mno. Ugumu wake ni moto. Kiini cha yai kinaanza kuganda karibu na nyuzi 65, na mkaa hauna kitufe.

Subiri mkaa uvae jivu jeupe, kisha funga mlango wa sigiri. Chemsha siki vijiko vikubwa vitatu na maji viwili, pamoja na kitunguu chekundu kimoja kidogo kilichokatwa, pilipili manga sita zilizopondwa na vijiti viwili vya taragoni, hadi vibaki vijiko viwili vya maji. Chuja, acha yapoe. Weka sufuria yenye maji ya kina cha vidole viwili juu ya sigiri: yawe yanatoa mvuke, yasichemke. Juu yake weka bakuli la chuma lisilogusa maji, lenye viini vitatu na siki uliyochuja. Piga kwa mchapo bila kuacha hadi mchapo uache alama inayoonekana chini ya bakuli. Kiganja chako ndicho kipimajoto: bakuli likikushinda kushika pembeni, liondoe upige nje ya moto.

Sasa mimina siagi iliyoyeyushwa, gramu 150, tone kwa tone mwanzoni, kisha uzi mwembamba. Majarini haifai, na samli yenye harufu ya moshi inafunika kila kitu. Sosi ikiachana na mafuta kuelea, umemimina haraka: chukua bakuli jingine, kiini kimoja na kijiko cha maji, kisha ingiza sosi iliyoharibika humo kidogo kidogo. Ikiwa na punje punje kama yai la kukaanga, yai limeiva. Hiyo haiokoki, anza upya. Mwisho tia chumvi na kijiko kikubwa cha majani. Iliwe ndani ya saa moja, isipashwe moto.

Kuhifadhi

Vijiti vilivyofungwa kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko, hukaa kwenye friji karibu wiki. Majani yaliyokatwa na kuchanganywa na siagi laini, kijiko kikubwa kwa gramu 100, yanagandishwa vizuri kwa miezi mitatu.

Siki ndiyo hifadhi bora. Osha vijiti vinne vya sentimita 15, vikaushe kabisa, vitie kwenye chupa safi, jaza nusu lita ya siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, vijiti vizame vyote. Weka gizani wiki mbili au tatu, chuja, tupa vijiti. Viazi vya Kabale vilivyochemshwa na kumwagiwa siki hii vikiwa bado na moto, pamoja na mafuta kidogo na kitunguu, ni chakula kamili. Usifanye hivyo kwa mafuta ya kula: majani mabichi ndani ya mafuta, nje ya friji, yanaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, na sumu hiyo haionekani wala hainuki.

Na kwa kuwa jina la artemisia linajulikana magharibi mwa Uganda kwa habari ya malaria: hiyo ni Artemisia annua, mmea mwingine. Taragoni ni kiungo cha chakula. Haitibu malaria, na mjamzito asiichemshe kama chai ya kunywa kila siku, ingawa kijiko kwenye mchuzi hakina neno.